Saa za Mji wa Nairobi na Mgeni Atokaye Mashambani

Mfano ni huu. Mkulima mmoja apata barua ya kumwita Nairobi, akatoe ushahidi katika kesi ya shamba aliloachiwa na marehemu baba yake. Barua ni ya Kiingereza, na mjukuu wake amsomea upesi upesi: "Tarehe saba, saa kumi." Siku hiyo mzee aondoka kwake alfajiri, afika mjini, ala chakula cha mchana bila haraka, na ilipopata saa tisa na nusu yuko mlangoni pa mahakama. Amkuta askari peke yake. Kesi iliitwa asubuhi, na jina lake lilitajwa wala hakuitika. Nauli imekwisha, siku imepotea, na huenda shamba nalo likapotea.

Mzee huyo hakuwa mvivu. Barua yake ilikuwa na maneno "10.00 a.m.", maana yake saa nne asubuhi. Kiswahili huhesabu saa tangu kuchomoza kwa jua, na Kizungu huhesabu tangu usiku wa manane. Tofauti ni saa sita, na kanuni yake ni rahisi. Nambari ya Kizungu ikiwa ni sita au chini ya sita, iongezwe sita. Ikizidi sita, ipunguzwe sita. Basi 8 ni saa mbili, na 2 ni saa nane. Tiketi ya gari-moshi ikionyesha 15:00, kwanza huondolewa 12, ikabaki 3, kisha huongezwa sita: saa tisa alasiri. Mwenye kusafiri usiku aangalie pia siku. Basi liondokalo "Jumamosi 12.30 a.m." huondoka usiku wa kuamkia Jumamosi, yaani Ijumaa watu wakiisha kula chakula cha jioni.

Mji Huamka Mapema

Nairobi iko karibu sana na Ikweta, kwa hiyo urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Jua huchomoza na kutua karibu na saa kumi na mbili na nusu. Lakini mji hauningoji jua. Malori ya mboga na viazi huingia katika masoko ya jumla kama Marikiti kungali giza, na mkulima aletaye mazao yake jua likiwa juu hukuta wanunuzi wakubwa wamekwisha kwenda zao.

Tangu saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi barabara hujaa watu waendao kazini. Nauli za matatu hupanda saa hizo, hupanda tena jioni tangu saa kumi na moja, na mvua ikinyesha huzidi. Safari ya nusu saa yaweza kuchukua saa mbili. Kwa hiyo mwenye miadi ya saa tatu na awe amefika mjini saa mbili, akanywe chai karibu na mahali aendapo. Kukaa kitako na kungoja ni nafuu kuliko kukimbia na kuchelewa.

Ofisi na Benki

Ofisi za serikali kwa kawaida hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Kati ya saa saba na saa nane ni wakati wa chakula. Afikaye saa saba kasorobo, akiwa na watu thelathini mbele yake, ajue kwamba huenda akahudumiwa baada ya saa nane. Siku hizi maombi mengi hufanywa kwanza katika mtandao wa serikali uitwao eCitizen. Ni vema mtu ayamalize kabla ya kupanda gari, ili asilale mjini kwa sababu ya karatasi moja.

Benki nyingi hufunguliwa saa tatu na kufungwa saa kumi. Jumamosi matawi mengi hufanya kazi hadi kama saa sita mchana tu, na Jumapili karibu yote hufungwa. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, shida ya fedha baada ya saa za benki imepungua sana. Sikukuu ya taifa ikiangukia Jumapili, Jumatatu yake pia huwa siku ya mapumziko, na aliyekuja kwa shughuli ya ofisi hukuta milango imefungwa.

Shughuli Ikiisha

Mwenye nafasi asirudi bila kuona kitu. Jumba la Makumbusho, lililofunguliwa mwaka wa 1930 kwa jina la Coryndon, hupokea wageni kila siku tangu saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1946, huingiwa tangu saa kumi na mbili asubuhi; afikaye mapema ndiye mwenye bahati ya kuwaona simba kabla ya jua kuwa kali.

Jioni watu huharakisha kurudi makwao, na mitaa ya ofisi huwa tupu upesi, ingawa River Road na vituo vya magari ya mbali hubaki na watu hadi usiku. Mgeni ni kuku mweupe: na ajue mapema atakapolala, au awe ndani ya gari kabla ya giza kuingia.

Na yule mzee? Barua yake ya pili isomwe mara mbili, na saa iandikwe juu yake kwa Kiswahili, kwa kalamu nyekundu: saa nne asubuhi.