Swali la Kakitabu cha Kipaimara

Haya, sogeeni. Ninyi mlio darasa la kipaimara najua mmechoshwa na kale kakitabu, Katekisimo Ndogo ya Luther: kila amri na swali lake, maana yake nini? Leo nawasimulia kalikotoka.

Mwaka 1528 Martin Luther, profesa wa Wittenberg huko Ujerumani, alizunguka kukagua sharika za vijijini. Aliyoyakuta yalimtia uchungu. Watu hawakujua hata Sala ya Bwana, na wachungaji wengine walikuwa hawana la kuwafundisha. Angeweza kuishia kuwakaripia tu, na kwa kukaripia Luther hakuwa na mpinzani. Badala yake, mwaka 1529 mafundisho yake yalichapwa kwanza kwenye karatasi kubwa za kubandika ukutani, ili mwenye nyumba awafundishe watoto na watumishi wake papo hapo nyumbani. Kakitabu kalifuata mwaka huohuo.

Mwanawe Hans, aliyezaliwa 1526, alikuwa katika umri ule wa kuuliza kila kitu. Mimi hupenda kudhani kwamba swali lile la "maana yake nini" lilisikika kwanza mezani kwao.

Luther aliagiza hivi: mtoto ayashike maneno kwanza, kisha aelezwe maana. Hatua hiyo ya pili ndiyo inayotushinda. Siku hizi hata jibu la "maana yake nini" linakaririwa kama kasuku, mwinjilisti anaridhika, mnawekewa mikono, pilau inapakuliwa, imekwisha.

Chukueni amri ya nane, ya kutomshuhudia jirani uongo. Luther hakuishia kwenye kukataza. Alifundisha kwamba mtu amtetee jirani yake, amseme vizuri, na mambo yake ayapokee kwa upande ulio mwema. Sasa picha ya mwenzenu inazungushwa kwenye kundi la WhatsApp, na kila mtu anaongeza chumvi. Wewe hukuandika neno, umecheka tu. Je, amri umeitunza?

Kamwulizeni mwinjilisti wenu. Akisema mnamsumbua, mwambieni kwamba Luther, daktari wa theolojia, aliandika kuwa kila asubuhi huyarudia maneno ya katekisimo kama mtoto mdogo, na kwamba bado hajahitimu.