Usimbaji wa Picha za Katuni Kuwa Filamu

Filamu ya katuni iliyochorwa kwa kompyuta haizaliwi ikiwa filamu. Huzaliwa ikiwa picha moja moja, maelfu kwa maelfu, kila moja na faili lake na nambari yake. Kazi ya kuziunganisha picha hizo ziwe filamu iwezayo kutazamwa huitwa usimbaji. Istilahi hii si ngeni kwa wataalamu wa lugha; na nchini Tanzania neno kisimbuzi lilienea tangu mitambo ya televisheni ya analojia ilipoanza kuzimwa, tarehe 31 Desemba 2012, ijapokuwa wengi husema king'amuzi. Hata hivyo, aghalabu hudhaniwa kwamba kusimba ni kufungasha tu, kama mtu atiaye nguo sandukuni. Sivyo. Kusimba ni kuchagua kitakachotupwa, na kilichotupwa hakirudi.

Mfano ulio wazi ni Big Buck Bunny, filamu iliyotolewa mwaka 2008 na Blender Foundation ya Amsterdam, Uholanzi. Ina urefu wa dakika 9 na sekunde 56 hivi, na kila sekunde ina picha 24. Jumla yake, basi, ni zaidi ya picha 14,000. Picha hizo zilitolewa kwa umma, na zimetumiwa sana katika kupima njia za usimbaji.

Sababu ya kuchora picha moja moja ni ya busara. Kompyuta yaweza kutumia dakika nyingi, pengine saa nzima, kwa picha moja. Umeme ukikatika katika picha ya 9,000, zile 8,999 zilizotangulia zimekwisha hifadhika. Tena, picha moja ikionekana na kasoro, huchorwa upya hiyo peke yake.

Lakini uzito wake ni mkubwa. Picha ya ubora wa juu ina nukta, yaani pikseli, 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, ambazo jumla yake ni 2,073,600. Kila nukta ikichukua baiti tatu za rangi, picha moja huwa na baiti 6,220,800, na sekunde moja ya filamu huwa na baiti milioni 149 na zaidi. Filamu nzima ya dakika kumi hukaribia baiti bilioni 90. Hapana budi kupunguza.

Upunguzaji hufanywa kwa hatua tatu. Kwanza, mwanga hutengwa na rangi. Jicho la mwanadamu hupambanua mwanga vizuri kuliko rangi. Kwa hiyo mwanga wa kila nukta huhifadhiwa, lakini nukta nne hushirikiana rangi moja. Kwa njia hiyo nusu ya mzigo huondoka. Pili, kwa kuwa picha zinazofuatana hufanana, kiwango cha H.264, kilichoidhinishwa mwaka 2003, huandika picha moja kamili, kisha katika zile zifuatazo huandika mabadiliko tu: kipande hiki kimehama, kile kimebaki pale pale. Vipande hivyo ni vya nukta 16 kwa 16. Na kwa kuwa 1,080 haigawanyiki kwa 16, mistari 1,088 husimbwa, na kisimbuzi huagizwa kuificha minane. Tatu, tofauti ndogo ndogo zilizosalia hukadiriwa. Katika kisimbaji kiitwacho x264, ukali wa makadirio hayo huweza kuamuliwa kwa nambari kuanzia 0 hadi 51, na ya kawaida ni 23. Kadiri nambari inavyopanda, faili hupungua na picha hufifia.

Jambo hili lina mfano wake katika maandishi ya Kiswahili ya hati za Kiarabu. Katika miswada mingi ya kale herufi moja ya *ba* ilisimamia b, p na mb. Mwandishi alipunguza, na msomaji aliyeijua lugha alirudisha kilichopunguzwa, akapambanua bata na pata kwa maana ya sentensi. Asiyeijua lugha hakuweza. Kisimbuzi nacho hurudisha kile tu ambacho kanuni zake zinakiwezesha. Yaliyokadiriwa na kuachwa hakiyajui.

Makosa ya usimbaji nayo mara nyingi hutokana na kanuni isiyotajwa. Programu ya FFmpeg, isipoambiwa idadi, huchukua mfululizo wa picha kuwa na picha 25 kwa sekunde. Filamu ya sekunde 596 iliyochorwa kwa picha 24 itakwisha kwa sekunde 572 hivi, na sauti, ambayo urefu wake haukubadilika, itachelewa: mlango utafungwa kwanza, kishindo kifuate. Vivyo hivyo, nambari kadhaa zikikosekana katika mfululizo, filamu hukatikia hapo. Na rangi zikigeuzwa kwa kanuni ya BT.601, iliyowekwa kwa televisheni ya zamani, kisha zisomwe kwa BT.709 ya ubora wa juu, kijani na nyekundu huhitilafiana na zile alizokusudia mchoraji.

Kwa hiyo yafaa filamu iliyosimbwa ihesabiwe kuwa nakala, si asili. Kuisimba tena nakala hiyo ni kukadiria yaliyokwisha kadiriwa. Baada ya H.264 kilikuja kiwango cha HEVC mwaka 2013, na AV1 mwaka 2018, navyo huhifadhi ubora ule ule kwa baiti chache zaidi. Aliyetunza picha zake moja moja, pamoja na kumbukumbu ya idadi yake kwa sekunde na kanuni ya rangi zake, aweza kuanza upya kutoka kwenye chanzo kila kiwango kipya kinapotokea. Aliyezifuta ili kupata nafasi amebaki na makadirio ya mwaka ule aliosimba, wala hakuna kisimbuzi kitakachomrudishia zaidi ya hayo.