Chungu cha Jirani Nyumbani kwa Wafiwa

Twaanza kwa kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, mabwana na mabibi, na nyinyi vijana wetu, mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo la jikoni. Asidhani mtu kwamba jikoni ni mahali padogo pasipostahili kutajwa katika gazeti la dini. Huruma ya nyumba hujulikana jikoni kabla ya kujulikana ukumbini. Na suali letu ni moja tu: afapo mtu mtaani, ni juu ya nani kuwasha moto? Ni juu ya mfiwa, au ni juu ya jirani yake?

Katika mitaa mingi tumeona desturi iliyogeuka kichwa chini miguu juu. Maiti hajafikishwa kaburini, na tayari masufuria makubwa yamekwisha kuinjikwa uani kwake. Mjane ambaye machozi hayajamkauka huulizwa mchele uko wapi. Kijana aliyefiwa na baba yake hutumwa dukani kukopa mafuta na sukari. Watu hula asubuhi, mchana na usiku. Na waondokapo siku ya tatu humwachia mwenye msiba masufuria ya kuosha na deni la kulipa. Hata ule mkono wa ubani uliotolewa ili umfae huwa umekwisha kuliwa na hao hao waliouleta.

Hatukuja hapa kufufua mabishano ya khitma na arubaini, maana wanavyuoni wamekwisha kuyasema mengi. Sisi twauliza juu ya chungu tu, na jawabu la chungu limo katika sira ya Bwana Mtume (S.A.W.).

Mwaka wa 8 wa Hijra, uliowafikiana na mwaka 629 wa Miladi, vilipiganwa vita vya Muuta, karibu na mji wa Karak katika nchi ya Jordan ya leo. Huko akafa shahidi Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume. Khabari ilipofika Madina, Mtume aliwaamrisha watu wake wawapikie chakula jamaa za Jaafar, kwa kuwa lililowafika limewashughulisha. Hadithi hii wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah. Tazameni, ndugu zetu: hakungoja kupikiwa kwa Jaafar. Chakula kilitoka nje kikaingia nyumba ya msiba. Hakikutoka nyumba ya msiba kikaenda nje.

Imamu Shafii, ambaye wengi wa watu wa pwani yetu hufuata madhehebu yake, ameandika katika kitabu chake Al-Umm kwamba yapendeza majirani na jamaa wawafanyie wafiwa chakula cha kuwashibisha mchana na usiku wa siku hiyo. Naye Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676 wa Hijra, amenakili katika Al-Majmuu kwamba wafiwa kupika na kukusanya watu ni jambo lisilopokewa, wala halipendezi. Basi yule asemaye kwamba hii ndiyo mila ya wazee na avitazame vitabu vya wazee hao.

Tena lipo jambo zito kuliko hili. Mtu akifa, mali yake si yake tena. Ni ya warithi. Ikiwa miongoni mwao wamo watoto wadogo, basi ule mchele uliomo ghalani na yule mbuzi aliyefungwa uani wana fungu lao humo. Aya ya 10 ya Suratun-Nisaa imewaonya kwa moto wale walao mali ya mayatima kwa dhulma. Mara ngapi tumeketi jamvini tukala pilau, wala hatukuuliza kwamba nyama ile ni ya nani? Sahani moja ya wali yaweza kuwa na haki ya yatima ndani yake, na mlaji akaondoka akijifuta mikono na kuwasifu wapishi.

Sasa atasema mtu: "Sisi ni maskini. Tukipeleka chakula kwa wafiwa, tutapeleka nini? Hatuna nyama." Hapa ndipo twataka mabibi zetu watusikilize sana.

Bibi Aisha (R.A.), kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, alikuwa akifiwa na mtu wa jamaa zake, wanawake hukusanyika kisha hutawanyika, wakabaki watu wa nyumbani na walio karibu nao. Hapo ndipo huamrisha chungu cha talbina kikapikwa, kisha ikamiminwa juu ya mkate uliomegwa. Naye alikuwa akieleza kwamba amemsikia Mtume akisema kuwa chakula hicho humtuliza moyo mgonjwa na humwondolea baadhi ya huzuni. Na talbina ni nini? Ni uji wa shayiri! Jina lake limetokana na neno la Kiarabu la maziwa, kwa weupe wake na wepesi wake. Chakula kilichoagizwa kwa ajili ya moyo uliovunjika hakikuwa mbuzi wa kuchoma, bali unga wa nafaka iliyokuwa rakhisi Madina.

Mwenye kuijua huzuni hatastaajabu. Mfiwa koo lake limekauka na tumbo lake limefunga. Ukimwekea pilau huitazama tu, lakini uji huweza kuunywa mafunda mawili, kisha matatu. Uji wampa maji mwilini na wampa nguvu, wala haumlazimishi kutafuna. Na wataalamu wa vyakula wa leo wametuthibitishia kwamba shayiri ina uzi laini unaoyeyuka katika maji, ambao hushibisha taratibu na husaidia kupunguza mafuta mabaya katika damu.

Basi twawapa hapa vyakula vitatu vya akiba ya kawaida, ambavyo nyumba yo yote yaweza kuvipika.

Cha kwanza ni talbina yenyewe. Twaa vijiko 2 vikubwa vya unga wa shayiri, uukoroge katika kikombe 1 cha maji baridi mpaka madonge yaishe. Teleka juu ya moto mdogo, ukoroge dakika 10 hadi 15, mpaka uwe mzito na harufu ya unga mbichi iondoke. Ongeza kikombe 1 cha maziwa yaliyochemshwa, uache vichemke pamoja kidogo. Ukiisha kuepua, tia asali kijiko kimoja. Lakini wazee wengi siku hizi wana maradhi ya kisukari, basi kwao asali iwekwe mbali. Na mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Cha pili, kwa asiyepata shayiri, ni uji wa mchele. Kikombe 1 cha mchele kwa vikombe 8 vya maji, chumvi kidogo na kipande cha tangawizi iliyopondwa. Uache uchemke polepole kadiri ya saa moja, mpaka punje zipasuke na kuvurugika. Mwisho tia tui la nazi na pilipili manga. Chungu kimoja hiki chatosha nyumba nzima.

Cha tatu ni choroko za nazi, ambazo watu wa Mombasa huziita pojo. Chagua mawe, osha vikombe 2 vya choroko, uzichemshe kwa maji matupu mpaka ziive na kulainika. Tia kitunguu, bizari, chumvi na tui jepesi. Zikikaribia kukauka, mimina tui zito, ukoroge bila ya kufunika ili lisikatike. Kamulia ndimu. Zikiliwa pamoja na wali mweupe, chakula hicho ni kizima, kwa maana upungufu uliomo katika protini ya mchele hujazwa na choroko, na upungufu wa choroko hujazwa na mchele. Wazee wetu waliokula wali kwa kunde na mbaazi hawakuwa wamekosa kitu sahanini.

Twawashauri mabibi kila nyumba iwe na kopo lake la msiba. Choroko kavu, mchele na unga vikiwekwa katika kopo kavu lenye kifuniko hukaa muda mrefu, ingawa unga huharibika upesi kuliko nafaka nzima na wafaa kubadilishwa kila baada ya wiki chache. Kila upikapo wali wa nyumbani, chota konzi moja utie humo. Siku sauti ya kilio itakapotoka kwa jirani, hutauliza dukani nani atakukopesha.

Tena majirani na wapeane zamu. Nyumba moja ipeleke uji wa asubuhi, ya pili wali wa mchana, ya tatu mkate na chai ya usiku. Chakula kiwe cha watu wa nyumbani na wageni waliosafiri mbali, si cha mtaa mzima. Sisi tuliokwenda kutoa pole tutoe pole, tumwombee maiti, kisha turudi kula majumbani mwetu. Na mtu asione haya kupeleka bakuli la uji likafunikwa kwa kawa kuukuu. Haya ni ya yule aliyeshiba kwa deni la mjane.

Vijana wetu, nyinyi nanyi mna sehemu. Kukuna nazi na kuteka maji si kazi ya wasichana peke yao. Bakuli likiwa tayari, lichukueni kwa adabu, pigeni hodi, toeni salamu, mkabidhi, mrudi. Msikae kungoja kusifiwa, na chombo msikidai, kitarudi chenyewe.

Na tukumbuke kwamba huzuni haiondoki pamoja na jamvi. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na siku za mwisho za eda ndizo zilizo kimya kuliko zote. Wageni wamekwisha kutawanyika, simu hazilii, na chungu chake cha mtu mmoja hana hamu ya kukiinjika. Basi chungu cha Bibi Aisha, kilichopikwa baada ya watu kuondoka, ni funzo kwetu. Pelekeni bakuli wiki ya pili, na mwezi wa pili, na wa tatu. Keti naye, ule naye tonge mbili, kwani mwenye majonzi hula akiona mwenziwe anakula.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu maiti wetu, awape subira waliofiwa, na atujaalie tuwe majirani ambao moshi wa majiko yetu hupanda kwa ajili ya wengine. Amin.