Mambo ya Kura na Mambo ya Hesabu: Jinsi Wahungaria wa Marekani Walivyoendesha Chama Chao cha Kuzikana

Mwezi Februari 1886, katika mji wa Hazleton, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, wachimbaji 13 wa makaa ya mawe kutoka Hungaria walianzisha chama cha kusaidiana. Walikipa jina la Gyula Verhovay, mwanasiasa na mwandishi wa habari wa kwao. Shabaha yao ataielewa mara moja yeyote aliyewahi kuwa katika chama cha kufa na kuzikana: mgonjwa apate posho ya kujikimu, marehemu azikwe kwa heshima, mjane asiachwe mikono mitupu. Chama hicho kingali hai. Leo kinaitwa William Penn Association, na kinatoa bima ya maisha hata kwa watu wasio na asili ya Hungaria.

Vyama vingi vya wahamiaji vilivyozaliwa wakati ule vilikufa. Husemwa kwamba vilivyobaki viliokolewa na moyo wa udugu. Mimi ninayefuatilia uendeshaji wa vyama vya namna hii naamini kwamba udugu huanzisha chama, lakini hautoshi kukidumisha. Chama hudumu pale wanachama wanapojua ni mambo gani yaamuliwe kwa kura, na ni yapi yaamuliwe kwa hesabu hata kama wengi hawayapendi.

Anayekatiwa bima ndiye anayekata

Pennsylvania haikuwa na sheria ya fidia kwa wafanyakazi hadi 1915. Kabla ya hapo, mjane wa mchimbaji alilazimika kwenda mahakamani kuthibitisha uzembe wa mwajiri, mbele ya mawakili wa kampuni na mara nyingi kwa lugha asiyoijua. Tarehe 19 Desemba 1907, mlipuko katika mgodi wa Darr, magharibi mwa jimbo hilo, uliua watu 239, wengi wao wahamiaji kutoka Hungaria. Kampuni za bima za kibiashara ziliona kazi ya mgodini ni ya hatari mno. Ziliwakataa wachimbaji au kuwatoza bei wasiyoimudu. Ikabidi wakatiane bima wao kwa wao.

Hapo ndipo suala la utawala linapozaliwa. Katika kampuni ya hisa kuna wenye mtaji waliokubali kubeba hasara, na kuna mteja anayelipa ili asiibebe. Chama cha udugu hakina mwenye hisa. Mwanachama ndiye mteja, na yeye huyo ndiye mdhamini wa mteja mwenzake. Pengo likitokea katika hazina, hakuna wa nje wa kuliziba. Kwa sababu hiyo haki ya mwanachama kuchagua, kuhoji na kukagua ni sehemu ya bima yenyewe. Akiinyamazia, amelipia kinga ambayo hajui inashikiliwa na nani.

Kazi za tawi

Vyama hivi vilijengwa kuanzia chini. Tawi lilikuwa la mji mmoja au mgodi mmoja, nalo lilikuwa na mwenyekiti, katibu, mtunza hazina na wakaguzi wa hesabu waliochaguliwa na wenzao. Lilikusanya michango, likapokea wanachama wapya, likaangalia wagonjwa.

Kuangalia wagonjwa kulikuwa huruma na kulikuwa usimamizi. Kabla posho haijalipwa, wajumbe wa tawi walimtembelea mgonjwa nyumbani. Walimfariji, na pia walijionea kama kweli anaumwa. Mtu anaweza kuidanganya ofisi iliyo mbali; ni vigumu kuwadanganya watu mnaoshuka nao shimoni kila alfajiri. Ndiyo maana vyama vingi vya aina hii viliacha posho ya ugonjwa mikononi mwa matawi, huku mafao ya kifo yakiwekwa katika mfuko mmoja wa chama kizima. Ugonjwa unahitaji jicho la jirani. Kifo hakihitaji uchunguzi mrefu, lakini gharama yake ni kubwa, na mlipuko mmoja ungeweza kulifilisi tawi zima kwa siku moja.

Mkutano mkuu na bodi

Juu ya matawi kuna mkutano mkuu wa wajumbe. Huu ndio wenye mamlaka ya mwisho: unatunga na kubadili katiba, unachagua viongozi, unapokea hesabu. Sheria za majimbo ya Marekani zinazotambua vyama vya udugu zimeweka masharti ambayo kila mwanachama popote anafaa kuyajua.

Kwa kawaida mkutano mkuu lazima ufanyike angalau mara moja kila miaka minne. Wajumbe waliochaguliwa na wanachama lazima wawe wengi kuliko wanaoingia kwa vyeo vyao. Tena kura zao zisipungue theluthi mbili ya kura zote, wala zisipungue idadi inayohitajika kubadili katiba. Maana yake ni kwamba viongozi wote wakiungana hawawezi kuigeuza katiba peke yao, lakini wajumbe wakiungana wanaweza. Ni kinga iliyoandikwa kwa tarakimu, haitegemei uadilifu wa mtu yeyote.

Sharti jingine ni kwamba mtu hapigi kura kwa niaba ya mwenzake. Katika kampuni ya hisa, meneja anaweza kukusanya hati za uwakilishi za maelfu ya watu wasiohudhuria, akaingia mkutanoni akiwa tayari ameshinda. Vyama vya udugu vimefungiwa mlango huo. Vilevile mwanachama wa kijamii, yaani anayeshiriki sherehe na shughuli za chama bila kuwa na bima, hana kura katika mambo ya bima. Watoto waliokatiwa bima nao hawana kura. Anayeamua kuhusu fedha ni mtu mzima ambaye fedha zake zimo.

Udhaifu wa mfumo huu uko katika ile miaka minne. Kati ya mkutano na mkutano, bodi ndiyo inayoajiri, inayowekeza na inayoingia mikataba. Viongozi wa kudumu wanayajua matawi yote, ilhali mjumbe anafika mara moja, anakaa siku chache na kukabidhiwa kabrasha nene. Tawi ambalo halikutani linamchagua mjumbe wake kwa kura za watu wachache, na kiongozi hodari anaweza kuwajua hao wachache kwa majina. Ndiyo sababu gazeti la chama lilikuwa chombo cha utawala. Katika *Verhovayak Lapja*, gazeti la chama cha Verhovay, mwanachama aliye mbali na makao makuu aliweza kufuatilia mambo ya chama chake. Hata sasa, kwa kawaida katiba ikibadilishwa, sheria hutaka wanachama waarifiwe kwa maandishi, kupitia chapisho rasmi la chama au kwa taarifa wanayotumiwa.

Mkataba unaobadilika

Lipo jambo moja linalowashangaza wengi. Ukikata bima katika kampuni ya kawaida, masharti ya siku ile ndiyo yanayokulinda. Katika chama cha udugu mkataba uko wazi: unajumuisha cheti chako, fomu yako ya kujiunga na katiba ya chama pamoja na mabadiliko yatakayofanywa baadaye. Mkutano mkuu wa mwaka kesho unaweza kukufunga wewe uliyejiunga miaka ishirini iliyopita.

Suala hili lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Royal Arcanum, chama kikubwa kilichosajiliwa Massachusetts, kilipandisha michango ya wanachama wa zamani. Mmoja wao akashtaki, na mahakama za New York zikampa haki. Mwaka 1915 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo: haki za wanachama zitapimwa kwa sheria ya jimbo kilikosajiliwa chama, ili wote watendewe sawa. Mzee aliyelipa kwa miaka mingi aliumia, na maumivu yake yalikuwa ya kweli. Hata hivyo, kama kila mmoja angebaki na kiwango cha siku aliyojiunga, mzigo wote ungewaangukia vijana, nao wangeondoka.

Mipaka ya kura

Kwa nini michango ilipaswa kupanda? Vyama vya mwanzo vililipa kwa kuchangishana baada ya kifo. Chukua mfano wa wanachama 1,000, kila mmoja akitoa dola moja kila anapofariki mwenzao. Wakiwa vijana, pengine wanakufa watano kwa mwaka, na kila aliyebaki anatoa takriban dola tano. Miaka ishirini baadaye wanakufa kumi na watano, na mchango umefika dola kumi na tano. Kijana anaona anaweza kujiunga na chama kipya cha jirani kwa dola tano. Anakwenda. Wanaobaki ni wazee na wagonjwa, vifo vinaongezeka, mchango unapanda tena, wengine wanakimbia. Mwishowe mtu aliyechangia mazishi ya mamia anakufa wakati hakuna wa kumchangia.

Dawa ilijulikana: kutoza kulingana na umri, kwa kufuata jedwali la vifo, na kuweka akiba wakati wanachama wangali vijana. Shida ni kwamba dawa hiyo ilihitaji kura. Wajumbe walitumwa na watu maskini, na hakuna mjumbe aliyefurahia kurudi tawini kutangaza kwamba mchango umeongezeka. Mkutano baada ya mkutano, wengi walipigia kura bei ya chini. Demokrasia ilifanya kazi yake barabara, na chama kikazidi kuelekea shimoni.

Mwaka 1910 makamishna wa bima wa majimbo na wawakilishi wa vyama walikubaliana juu ya rasimu ya sheria inayojulikana kwa jina la mji wa Mobile, Alabama. Rasimu ikarekebishwa 1912, na majimbo yakaipitisha moja baada ya jingine. Ilivitaka vyama vithamini madeni yao ya baadaye, vitangaze matokeo, na vionyeshe kwamba vinasogea hatua kwa hatua hadi kuweza kulipa kila vilichoahidi. Wajumbe walibaki na uhuru wa kuamua mafao ya kutoa, watu wa kuwaongoza na shughuli za kufanya. Uhuru wa kuamua kwamba mbili na mbili ni tano uliondoka. Na akiba ikipungua kupita kiasi, sheria inaruhusu kila mwanachama atakiwe kulipa sehemu yake ya pengo, au deni hilo liandikwe juu ya cheti chake na kutozwa riba.

Wanachama wapya wanapokoma

Pigo lililofuata lilitoka kwa serikali. Sheria ya uhamiaji ya 1924 iliiruhusu Hungaria kupeleka watu 473 tu kwa mwaka. Mto uliolisha vyama ulikauka, na uhai wao ukawategemea watoto waliozaliwa Marekani, waliokua wakizungumza Kiingereza. Chama kinachoendesha mikutano kwa lugha ambayo vijana wake hawaifuati kimewanyima kura bila kubadili hata kifungu kimoja cha katiba.

Suala la kuungana likafuata. Mwaka 1955 chama cha Verhovay kiliungana na chama cha Rákóczi cha Bridgeport, Connecticut, kilichoanzishwa 1888. Majina yote mawili ya Kihungaria yakaachwa, likachukuliwa la William Penn, mwanzilishi wa Pennsylvania. Leo muungano wa namna hiyo kwa kawaida huhitaji theluthi mbili ya kura za chombo kikuu cha kila upande. Ni sahihi kiwe kiwango cha juu, kwa kuwa wajumbe hapo wanapigia kura mwisho wa chombo chao wenyewe.

Matawi nayo hayajapoteza maana. Kifungu cha 501(c)(8) cha sheria ya kodi ya Marekani kinavisamehe vyama hivi kodi ya mapato kwa sharti kwamba viendeshwe kwa mfumo wa matawi. Matawi yakibaki jina tu, chama kinakuwa kimebomoa msingi wa msamaha wake.

Swali la kuuliza chama chako

Watanzania, Wakenya na Wakongo wanaoishi Marekani na Ulaya wanachangishana kila mwenzao anapofariki ili mwili ufike nyumbani. Wengi wao wanatumia njia ileile ya dola kwa kila kifo, na wengi wao bado ni vijana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kila katibu mwema analijua hilo. Lakini chama kinaweza kuwa na daftari safi, wakaguzi waaminifu na mikutano yenye akidi, kikafa vilevile, ikiwa hakuna aliyepiga hesabu ya wastani wa umri wa wanachama.

Basi katika mkutano mkuu ujao, baada ya taarifa ya fedha kusomwa na kupigiwa makofi, asimame mwanachama mmoja aulize: kwa michango hii na umri wetu huu, miaka ishirini kutoka sasa tutaweza kumzika nani? Jibu liletwe na mtaalamu wa takwimu bima, liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na katiba iseme kwamba mchango hautashuka chini ya kiwango alichokokotoa. Baada ya hapo wanachama wapige kura juu ya mengine yote.