Itaendelea Toleo Lijalo

Neno "itaendelea" ni dogo, lakini limeuza magazeti mengi. Msomaji akilikuta chini ya ukurasa, naye amemwacha shujaa wake ukingoni mwa shimo, hana la kufanya ila kungoja siku zipite na kutafuta senti za toleo lijalo. Watu wazima, wenye watoto wa kulisha na kodi ya nyumba ya kulipa, wamekuwa wakilala na mashaka ya mtu ambaye hakupata kuishi duniani. Wako wanaolicheka jambo hili na kuliita ugonjwa wa wavivu. Sisi hatulicheki. Jambo liwezalo kuwakusanya maelfu ya wafanyakazi kwa miaka mingi, bila ya kulazimishwa na mtu, lastahili kuchunguzwa tujue linawapa nini na linawanyang'anya nini.

Mvuto wa hadithi za mfululizo hauko katika fumbo peke yake, maana fumbo likisha kufumbuliwa halina kazi tena. Mvuto uko katika mazoea. Msomaji humjua Bwana Msa na kiko chake kama amjuavyo mzee wa mtaani kwake. Hukisia atakalosema kabla hajafumbua kinywa, na furaha yake ni kumsikia akilisema hilo hilo. Kwa mtu aamkaye alfajiri kwenda kazini na kurudi jioni mgongo ukimuuma, si jambo dogo kufungua ukurasa usiomtaka ajifunze upya majina ya watu. Tena pana mazungumzo. Hadithi ikisomwa na wengi kwa siku moja, kesho yake kila mtu ana neno la kusema, na aliyesoma humsimulia asiyejua kusoma. Hata Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela aliyajua haya, naye alikuwa na sababu kubwa kuliko zetu: alikata hadithi kulipopambazuka ili asikatwe kichwa.

Lakini mfululizo wa magazetini, kama tuujuavyo, haukuzaliwa na bibi wala na malkia. Ulizaliwa na biashara. Mwaka 1836 huko Paris, Émile de Girardin alianzisha gazeti la La Presse, akaliuza kwa faranga 40 kwa mwaka, nusu ya bei waliyotoza wenzake. Pengo lile alikusudia kulijaza kwa fedha za matangazo. Matangazo yataka wasomaji wengi, na wasomaji wengi hawaji kwa hotuba za Bunge. Basi mwaka ule ule gazeti likaanza kutoa riwaya ya Balzac kipande kwa kipande. Hadithi ikawa chambo, msomaji akawa samaki, na mnunuzi wa samaki akawa mwenye tangazo. Mwenye kusoma mfululizo wowote, wa karatasi au wa televisheni, na akumbuke mpango huo wa Girardin, kwani haujabadilika sana.

Miaka sita baadaye likatokea jambo ambalo hata wafanya biashara hawakulitazamia. Kuanzia Juni 1842 hata Oktoba 1843, gazeti la Journal des Débats, gazeti la wenye mali, lilitoa hadithi ya Eugène Sue iitwayo Siri za Paris. Sue alikuwa mtoto wa tajiri, mpenda mavazi mazuri na karamu. Alianza kwa kutaka kuwasisimua wakubwa kwa habari za vichochoro ambavyo wao hawathubutu kupita. Lakini hadithi ilishuka mpaka kwa wenyewe. Wasiojua kusoma walisomewa. Barua zikaanza kummiminikia mwandishi, mamia kwa mamia, nyingine kutoka kwa mafundi na wanawake maskini, wakimweleza magereza yalivyo, rehani zilivyo, na mishahara ilivyo. Naye akazisoma. Kadiri miezi ilivyopita hadithi ilibadilika mikononi mwake: Morel, mkataji wa vito, akaonekana chumbani mwake juu darini akisugua almasi za watu huku wanawe wakifa njaa na baridi, na mwandishi akawa anaikatiza hadithi yake ili aishitaki sheria. Aliyeanza kwa kuwachezea maskini akaishia kuwa mtetezi wao. Mwaka 1850 watu wa Paris walimchagua kuwa mjumbe wa Bunge. Serikali ikakasirika, na katika sheria ya magazeti ya mwaka huo ikatiwa kodi maalumu juu ya kila gazeti litoalo hadithi za mfululizo. Serikali haitozi kodi hadithi isiyo na nguvu.

Hilo ndilo jema lipatikanalo katika mfululizo tu, halipatikani katika kitabu kilichokwisha kufungwa: msomaji ana wakati wa kusema neno, na mwandishi ana wakati wa kulisikia.

Sasa tuutazame upande wa pili wa hadithi ile ile. Shujaa wake ni Rodolphe, mwana-mfalme wa nchi ndogo ya kubuniwa, avaaye nguo za kibarua na kuzunguka mitaa ya Paris usiku. Akimwona mwema anateswa, humwokoa. Akimwona mwovu, humwadhibu kwa mkono wake mwenyewe, hata kumpofua macho. Akina Morel hawaokoki kwa kuungana na mafundi wenzao; huokoka kwa kuwa mtu mkubwa mwenye mfuko mzito amepita mlangoni pao. Karl Marx na Friedrich Engels, katika kitabu walichokitoa mwaka 1845, walizitumia kurasa nyingi kuichambua riwaya hii na wale walioisifu mno. Marx aliikejeli hata benki ya Rodolphe ya kuwakopesha wafanyakazi waliokosa kazi. Hakuhitaji kukataa kwamba hadithi ni tamu. Alichokishambulia ni ile imani kwamba dhiki ya watu wengi yaweza kuponywa na huruma ya mtu mmoja.

Nasi twasema hatari hii ni kubwa zaidi katika mfululizo kuliko katika kitabu kimoja. Kitabu kimoja humwokoa mnyonge mara moja, kikafungwa. Mfululizo humwokoa kila wiki. Msomaji akisomeshwa mwaka mzima kwamba mambo yakifika ukingoni atatokea mtu, hatimaye hujizoeza kungoja atokee mtu. Mazoea yale yale yaliyomburudisha jioni ndiyo yanayomlegeza.

Hatari nyingine ni nyepesi kuziona, basi tutazipita kwa haraka. Moja ni urefu wa kulipwa. Sue alipewa faranga 100,000 kwa mfululizo wake uliofuata. Alexandre Dumas alilipwa kwa mstari, na inasimuliwa kwamba ndiyo maana watu wake hujibizana kwa neno moja moja: "Ndiyo." "Hakika?" "Hakika." Kila neno mstari, kila mstari fedha. Hadithi yake ya askari watatu wa mfalme ilitoka mwaka 1844. Ikafuatwa na ya pili mwaka 1845, na ya tatu, iliyochukua miaka 1847 mpaka 1850, ilizishinda zile mbili kwa urefu hata zikiunganishwa. Wanaoipenda wapo, lakini mwenye haki atakiri kwamba mna mamia ya kurasa ambamo maji yametiwa mengi kuliko maziwa. Hatari ya pili ni kifo. Charles Dickens alifariki Juni 1870 huku vipande sita tu kati ya kumi na viwili vya hadithi yake ya mwisho vikiwa tayari, na mpaka leo watu wanabishana ni nani aliyemwua Edwin Drood, kama kweli aliuawa.

Ya tatu ni mwandishi kugeuka mtumwa wa mtu wake. Arthur Conan Doyle alimchoka Sherlock Holmes, akamtumbukiza katika maporomoko ya maji ya Uswisi mwezi Desemba 1893, akidhani amepumzika. Wasomaji wakalalamika, wachapaji wakaleta fedha. Mwaka 1901 akaanza kutoa hadithi ya siku za kabla ya kifo kile, na mwaka 1903 akamfufua kabisa, akaendelea naye mpaka 1927. Hadithi zake fupi za Holmes zikawa 56, na riwaya nne. Kati ya zile za mwisho zimo ambazo msomaji mwenye jicho huona kwamba mkono unaandika, moyo umekwisha kwenda zake. Hapa lawama si ya mwandishi peke yake. Sisi wasomaji ndio tuliomkataza asizike aliyekufa.

Kwetu sisi mbegu ya Holmes iliota katika udongo mzuri. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, akafuata na Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976, na hata mwaka 1984 Bwana Msa alikuwa angali yupo kazini. Miaka ishirini na minne si haba. Lakini tazameni namna alivyofanya. Kila kitabu chasimama kwa miguu yake. Aanziaye cha tatu hapotei. Hakumfunga msomaji kwa kamba ya "itaendelea," alimwacha arudi kwa hiari yake. Tena kila mara akirudi hukuta kazi ya akili: watu wanasema ni mzimu, Bwana Msa anauliza nani alikuwa wapi saa ngapi. Na kile kitabu cha 1984 kinaitwa Kosa la Bwana Msa. Mfululizo unaothubutu kuandika juu ya jalada lake kwamba shujaa hukosea umekwisha kuiponya nusu ya ile maradhi ya Rodolphe.

Wa Willy Gamba ni mwingine. Elvis Musiba alimwanzisha katika Kufa na Kupona mwaka 1974, na vijana wakazigombea nakala hata kurasa zikachakaa. Hatuwalaumu. Hapa palikuwa na Mwafrika mpelelezi akipambana na makaburu na vibaraka wao, katika siku ambazo Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi na vita vilikuwa vya kweli, si vya kubuni. Kijana aliyechoka kusoma kwamba mashujaa wote ni Wazungu alipata wa kwake. Hata hivyo twauliza: Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, ilikombolewa na jasusi mmoja mwenye bastola, suti nzuri na wanawake wa kila mji? Wakulima waliobeba risasi vichwani, na mama waliowapikia wapiganaji porini, hawana nafasi katika hadithi ya namna hii, kwa kuwa mfululizo unamtaka mtu mmoja arudi akiwa mzima kitabu baada ya kitabu. Mwana-mfalme amebadili rangi na pasi ya kusafiria, lakini mwendo ni ule ule.

Leo hadithi hizi zimehamia katika simu. Kipande cha kwanza hutolewa bure, cha kumi hulipiwa, na wengi hulipa wakiwa ndani ya basi la kurudi nyumbani, kila mmoja ameinamia kioo chake. Fedha si nyingi kwa mara moja. Kinachotusikitisha zaidi ni ule upweke. Msomaji wa Paris alimwandikia mwandishi barua na kubishana na jirani. Huyu wa leo aghalabu hungoja peke yake.

Je, pana njia nyingine ya kuusoma mfululizo? Ipo, na waliobuni si walimu wala wachapaji. Ni wasokota sigara wa Havana. Mwezi Desemba 1865, katika kiwanda kiitwacho El Fígaro, wafanyakazi walikubaliana mmoja awasomee kwa sauti huku wengine wakisokota, na wakachanga katika ujira wao ili msomaji huyo asipoteze posho yake. Jambo likaenea upesi kutoka kiwanda hata kiwanda. Hazikupita hata miezi sita, Mei 1866, serikali ya Kihispania ikapiga marufuku. Lakini usomaji ulirudi baadaye, ukavuka bahari pamoja na wasokotaji mpaka Tampa katika Marekani, ambako mwaka 1891 José Martí alihutubia watu waliokwisha kuzoea kusikiliza na kupima maneno.

Msomaji aliketi juu ya jukwaa. Gazeti lilitangulia, riwaya ikafuata, sehemu kwa sehemu, siku kwa siku. Riwaya ya kufuata ilichaguliwa kwa kura. Kilichowapendeza walikishangilia kwa kugonga visu vyao vya kukatia majani juu ya meza, na kilichowachukiza kilibishaniwa mpaka njiani kurudi nyumbani. Dumas yule yule aliyelipwa kwa mstari alipendwa mno humo, hata aina moja ya sigara iliyoanza mwaka 1935 ikaitwa Montecristo. Hadithi ile nayo ni ya mtu mmoja mwenye mali asiyeshindwa; lakini ilisikilizwa na watu mia kadhaa waliokuwa tayari na chama chao, gazeti lao, na ulimi wa kuuliza.

Wenye viwanda wa Tampa waliwaondoa wasomaji mwaka 1931, wakisema wanasomea watu maneno ya uchochezi. Wafanyakazi waligoma, wakashindwa. Majukwaa yakang'olewa, na mahali pake zikaletwa redio. Cuba haikuacha. Mwaka 2012 usomaji wa viwandani ulitangazwa kuwa urithi wa utamaduni wa taifa, nao ungali ukiendelea: asubuhi gazeti, baadaye riwaya, na sura ikikatwa mahali pa hatari, chumba kizima husubiri kesho pamoja.