Ishara inaporudiwa: Jinsi mnara unavyomfikia mteja kwa hakika bila kumchelewesha

KABLA neno lako moja halijapita hewani, simu na mnara huwa vimekwisha kusemezana mara kadhaa. Mnara huiambia simu itume lini, itumie masafa yapi na kwa nguvu kiasi gani. Simu nayo hujibu iwapo ilichopokea kilifika salama. Mazungumzo haya mafupi, ambayo mteja hayaoni wala hayalipii, ndiyo wahandisi huyaita ishara za udhibiti. Wakenya wanaotuma pesa kwa M-Pesa tangu 2007 wameyategemea kuliko wanavyodhani, kwani katika mtandao wa kizazi cha pili arafa husafirishwa na njia za ishara, wala si njia za sauti.

Kipande cha data kikipotea, upande wa pili hukidai na kikatumwa tena. Ishara ya udhibiti haina bahati hiyo. Ikipotea, simu haijui hata kwamba kulikuwa na kitu cha kusubiri, na asiyejua kuwa ameitwa hawezi kulalamika. Ndiposa mnara huirudia mapema, pasipo kungoja lawama. Mpiga mbiu wa zamani alifanya vivyo hivyo: alitangaza kijijini, akatangaza njia panda, akatangaza na sokoni.

Kifaa kinachopokea hakitupi nakala mbovu. Huiweka, kisha huijumlisha na inayofuata. Ujumbe wenyewe haubadiliki kutoka nakala moja hadi nyingine, ilhali kelele za hewani hubadilika kila mara. Kadiri nakala zinavyojumlishwa, ujumbe huinuka na kelele huzama. Mhandisi Mmarekani David Chase aliieleza njia hii ya kuunganisha nakala mnamo 1985. Idadi ya nakala ikiongezwa maradufu, faida huwa takriban desibeli 3.

Mfano ulio wazi zaidi ni NB-IoT, teknolojia iliyokamilishwa mwaka wa 2016 na muungano wa 3GPP, ambao hutunga viwango vya mitandao ya simu duniani. Ililengwa mita za maji zilizofukiwa chini ya mifuniko na vifaa vilivyo ndani ya majengo ya saruji, ambako simu ya kawaida haipati mawimbi. Lengo lilikuwa kuipita GPRS kwa desibeli 20, yaani kusikia ishara iliyo hafifu mara 100. Ili kufika huko, amri moja ya udhibiti inaweza kurudiwa hadi mara 2,048.

Gharama yake ni muda. Nakala moja huchukua angalau milisekunde 1, hivyo nakala 2,048 huzidi sekunde 2 kwa amri moja tu. Mita ya maji haina haraka, lakini ina betri iliyokusudiwa kudumu miaka 10, na kusikiliza hula betri. Watunga viwango walipata ufumbuzi ninaouona kuwa wa busara: amri yenyewe hubeba idadi ya marudio yake. Kifaa kilicho karibu na mnara kikielewa nakala ya tatu, kinajua data itaanza lini, na kinaweza kupumzika hadi wakati huo.

Penye haraka, hesabu hubadilika kabisa. Mnamo 2017 Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) uliweka sharti kwa huduma za kizazi cha tano zinazohitaji uhakika na haraka: ujumbe wa baiti 32 ufike katika milisekunde 1, na usikosee zaidi ya mara 1 katika 100,000. Kwa viwango vya kwanza vya 5G, vya 2018, simu iliweza kurudia jibu lake katika vipindi 2, 4 au 8. Kipindi kikiwa cha nusu milisekunde, marudio manane hula milisekunde 4. Uhakika umepatikana, ila wakati umekwisha.

Dawa ya kwanza ilikuwa kukikata kipindi. Kipindi huwa na alama 14. Viwango vya 2020 viliruhusu jibu litumwe katika vijisehemu vya alama 7 au hata 2, na vile vya 2022 vikaruhusu marudio ndani ya vijisehemu hivyo. Vilevile mnara ukaweza kutaja katika amri idadi ya marudio inayohitajika wakati huo, badala ya kushikilia idadi iliyopangwa awali hata pale mawimbi yanapokuwa mazuri.

Dawa ya pili, kwa maoni yangu iliyo bora, inarejea kwa mpiga mbiu wetu na sokoni pake. Iwapo nakala moja hukosea mara 1 katika 100, nakala mbili zitakosa pamoja mara 1 katika 10,000, na tatu mara 1 katika milioni. Lakini hesabu hiyo husimama tu ikiwa kila nakala ina balaa yake. Lori likisimama kati ya simu na mnara, nakala zote hugonga chuma kile kile. Kwa sababu hiyo viwango vya 2022 vinaruhusu amri moja itoke sehemu mbili tofauti, hata kwa wakati mmoja katika masafa tofauti, ili pasiwe na kuchelewa. Simu huarifiwa mapema kwamba nakala hizo ni jozi, ikaziunganisha. Zikifuatana, muda huhesabiwa kuanzia ile inayoisha mwisho, ili simu iliyonasa ya kwanza pekee isitofautiane na mnara.

Hakuna cha bure hapa. Nafasi inayoliwa na marudio ya mteja mmoja ingewahudumia wengine, na simu inalazimika kufanya majaribio zaidi ya kufumbua ishara. Tena, kilichoandikwa katika viwango si lazima kiwe kimewashwa mnarani. Safaricom ilianza kuuza huduma za 5G Oktoba 2022 na Airtel ikafuata 2023, lakini mengi ya haya hubaki hiari ya kampuni na ya mtengenezaji wa simu. Shirika la maji linalonunua mita za aina hii lina haki ya kumuuliza muuzaji zitahitaji marudio mangapi zikiwa chini ya mfuniko wa chuma, na betri itadumu miaka mingapi kwa kiwango hicho.