Matairi ya tela: Bei ndogo dukani, hasara barabarani

MWENYE lori anapokwenda kununua matairi, fedha nzuri huiweka kwenye matairi mawili ya mbele ya kichwa, kwa sababu moja likipasuka dereva anaweza kushindwa kuudhibiti usukani. Kinachofuata huenda kwenye matairi ya kusukuma. Tela hupewa yanayobaki: yaliyochakaa yakatolewa kwenye kichwa, yaliyonunuliwa mkononi, au mapya ya bei ya chini kuliko yote yaliyopo dukani siku hiyo.

Desturi hiyo huhesabiwa kuwa ni kubana matumizi. Lakini lori la kawaida la njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma, yaani kichwa chenye matairi 10 na semi tela ya ekseli tatu, lina matairi 22, na 12 kati yake yako kwenye tela. Zaidi ya nusu ya gharama ya matairi ya gari zima, basi, iko mahali ambapo mwenye mali haangalii sana.

Ugumu wa kuchagua umeongezeka kwa sababu ya soko lenyewe. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000, na cha Sameer Africa jijini Nairobi kilifungwa mwaka 2016. Tangu hapo wanunuzi wa Tanzania na Kenya wamekuwa wakitegemea kwa kiasi kikubwa matairi yanayoagizwa nje, mengi yakiwa ya China na India. Majina ni mengi, na mengine hayadumu sokoni. Mnunuzi anayechagua kwa jina peke yake anabahatisha. Kilicho cha uhakika zaidi ni maandishi yaliyoko ubavuni mwa tairi, ambayo wengi hawayasomi.

Tairi la 12R22.5, kwa mfano, huweza kuandikwa 152/148 M. Namba 152 maana yake ni kwamba likifungwa peke yake linabeba kilo 3,550. Namba 148 ni kwa tairi pacha, yaani mawili upande mmoja wa ekseli, ambapo kila moja linabeba kilo 3,150. Herufi M ni mwendo wa kilometa 130 kwa saa, L ni 120 na K ni 110. Kwa lori ambalo sheria ya Tanzania inalitaka lisizidi kilometa 80 kwa saa, herufi hiyo haina haja ya kumwumiza mtu kichwa. Cha kuangaliwa ni namba ya uzito.

Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 24 kwa kundi la ekseli tatu. Zikigawanywa kwa matairi 12, kila moja linabeba tani mbili tu, chini sana ya kilo 3,150 zilizoandikwa. Hapo ndipo wengi huuliza: kama ni hivyo, mbona matairi ya tela ndiyo yanayoonekana kila siku yakiwa vipande vipande kando ya barabara?

Jibu liko kwenye upepo. Katika tairi pacha, moja likipungua upepo au likitoboka, dereva hasikii chochote, kwa kuwa la pili linaendelea kuibeba tela. Lakini hilo la pili sasa linabeba kilo 4,000, na uwezo wake likiwa peke yake ni kilo 3,550. Limezidiwa kwa kilo 450, lori liko katika mwendo, lami imechemka na mwenzake aliyelegea anaendelea kusuguana nalo ubavu kwa ubavu. Kilometa chache baadaye yanapotea yote mawili. Mwenye lori hulaumu aina ya tairi, ilhali chanzo kilikuwa pancha ndogo ambayo utingo angeigundua kama angepima upepo kwa geji kabla ya kuondoka badala ya kuyagonga matairi kwa nyundo. Kanuni inayotumika katika biashara hii ni kwamba tairi lililopungukiwa asilimia 20 ya upepo wake lihesabiwe kuwa na pancha, na livuliwe likaguliwe ndani kabla ya kujazwa tena. Upepo hupimwa tairi likiwa baridi. Linapokuwa la moto kipimo hupanda chenyewe, na anayeupunguza upepo wakati huo analiacha tairi likiwa limelegea litakapopoa.

Ndiyo sababu mnunuzi mwenye mizigo mizito hupendelea 315/80R22.5 yenye maandishi 156/150. Likiachwa peke yake, tairi hilo linaruhusiwa kubeba kilo 4,000, kiasi kile kile ambacho 12R22.5 lingezidiwa nacho. Hiyo si ruhusa ya kuendesha likiwa moja. Inampa dereva nafasi ya kufika mahali pa kuegesha.

Baadhi ya tela mpya huja na matairi mapana, moja kila upande, ambayo madereva huyaita supa singo. La 385/65R22.5 lenye namba 160 hubeba kilo 4,500. Tela huwa nyepesi na matairi ya kununua ni sita badala ya 12. Ila likipasuka hakuna mwenzake wa kushikilia, na kwenye mizani ekseli za aina hiyo huruhusiwa uzito mdogo kuliko zenye tairi pacha. Kwa tela iliyokwisha kuundwa na tairi pacha, kubadili si jambo la matairi pekee. Hata ringi nazo ni nyingine.

Suala la pili ni sura ya tairi. Matairi ya kashata kubwa yaliyotengenezwa kwa ajili ya kusukuma hupendwa kwa sababu yana mpira mwingi na mnunuzi huona amepata thamani ya fedha zake. Kwenye tela thamani hiyo hupotea. Tela haisukumi, inaburutwa. Lori linapokata kona, ekseli ya mbele na ya nyuma ya tela huvutwa kwa ubavu, na kashata ndefu hupinda, hupata joto na kulika vibaya. Tairi la tela linalofaa lina mistari ya kuzunguka, mpira wake si mnene sana, na hustahimili kuburuzwa huko. Ekseli ya kati ndiyo inayoburuzwa kidogo zaidi, na fundi anayejua kazi yake huitumia nafasi hiyo kwa matairi yaliyovishwa mpira upya.

Kuhusu bei, hesabu iliyo sahihi ni ya kilometa. Chukulia tairi la kwanza linauzwa shilingi 500,000 na linakwenda kilometa 60,000, la pili shilingi 750,000 na linakwenda kilometa 110,000. Takwimu hizi ni za mfano, kila mwenye lori aweke zake. La kwanza linagharimu shilingi 8.33 kwa kilometa, la pili shilingi 6.82. Kwa matairi 12 na mwendo wa kilometa 100,000, ambao ni kama safari 54 za kwenda na kurudi Tunduma, la kwanza linakula shilingi milioni 10 na la pili milioni 8.2 hivi. Tairi lililoonekana ghali limeokoa shilingi milioni 1.8 kwenye tela moja.

Hesabu haiishii hapo. Tairi la pili likitolewa kabla waya hazijaonekana, na kiunzi chake kikiwa kizima, linaweza kuvishwa mpira upya. Ikiwa kazi hiyo itagharimu shilingi 300,000 na tairi likaenda kilometa 70,000 zaidi, jumla ni shilingi 1,050,000 kwa kilometa 180,000, yaani shilingi 5.83 kwa kilometa. Gharama ya tela kwa zile kilometa 100,000 inashuka hadi milioni 7. Tairi la bei ya chini mara nyingi halifiki hatua hiyo, kwa kuwa kiunzi chake hakikujengwa kuishi mara mbili. Mnunuzi makini humwuliza mwenye duka swali hili mapema, na humwuliza pia mwenye karakana ya kuvisha matairi ni aina gani hupokea na ni aina gani hurudisha mlangoni. Huyo wa pili hana sababu ya kuficha.

Wapo wanaosema matairi yaliyovishwa ndiyo yanayomwaga magamba barabarani. Mengine humwaga kweli, hasa yaliyovishwa juu ya kiunzi kilichokwisha kuendeshwa bila upepo. Lakini tairi jipya likiendeshwa hivyo nalo humwaga.

Kwa mwenye makampuni na magari 50 hayo yote ni rahisi. Mwenye lori moja, ambalo pengine bado analilipia benki, hana fedha za kununua 12 kwa pamoja. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kununua mawili au matatu na kuyachanganya na makuukuu, jipya likifungwa ubavuni mwa lililokwisha. Jipya huwa na mduara mkubwa, kwa hiyo hubeba mzigo wa yote mawili, huku lile dogo likiburuzwa. Kwa matairi ya ukubwa huu, tofauti ya kipenyo kati ya pacha inayovumilika haizidi milimita 13 hivi. Ni nafuu kununua manne kwa ajili ya ekseli moja, na kuyapanga yale ya zamani yanayolingana kwenye ekseli nyingine mpaka fedha zipatikane. Kwa sababu hiyo hiyo tairi la waya halipaswi kufungwa pacha na la nailoni, wala 12R22.5 na 315/80, hata kama ringi inayakubali yote.

Wenye tela za zamani za ringi ya inchi 20 na mipira ya ndani wanaotaka kuhamia tyubulesi wanapaswa kujua kwamba badala ya 11.00R20 ni 12R22.5, na badala ya 10.00R20 ni 11R22.5. Ringi hubadilishwa pia.

Kabla ya kulipa, itafutwe tarehe. Baada ya herufi DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Ikiwa tarakimu ni tatu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na bei yoyote ni kubwa mno. Tairi lililokaa miaka miwili ndani ya ghala lenye kivuli si baya. Lililopangwa nje likipigwa jua ni suala jingine, na nyufa ndogo za ubavuni hueleza habari yake yote. Anayenunua matairi yaliyotumika ayatazame ndani, si nje. Ubavu wenye unga mweusi au mikunjo ni ushahidi kwamba liliwahi kuendeshwa bila upepo.

Wanaorudi na shaba kutoka Zambia na Kongo wana jambo la ziada. Wao huteremka Kitonga wakiwa na mzigo. Dereva akikanyaga breki mfululizo, dramu huchemka na joto hupita kwenye ringi hadi kwenye mdomo wa tairi. Hakuna tairi la bei yoyote litakalofidia breki zisizorekebishwa, na tela ambayo breki za ekseli moja ndizo zinazofanya kazi peke yake huunguza matairi ya ekseli hiyo.

Matairi yakishafungwa, nati hulegea kidogo zinapokaa sawa. Hukazwa tena baada ya kilometa 50 hadi 100. Kwa lori linalotoka Dar es Salaam, foleni ya mizani ya Vigwaza inatosha kwa kazi hiyo.